Kutoka Masomo kwa Posta hadi Simu Janja: Sayansi ya Mbali na Ajira Tangu Uhuru

Wapo wazee wetu waliopata vyeti vya London bila kuiona London. Watoto wetu waliozaliwa hapa Uingereza, ambao wengine hupita na basi mbele ya majengo ya chuo hicho kila asubuhi, hushangaa wakiambiwa hivyo. Lakini Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wa mbali tangu 1858, na kabla ya uhuru wetu karani wa Tanga au Tabora aliyetaka kupanda cheo aliweza kujiandikisha kwa barua na vyuo kama Wolsey Hall cha Oxford au Rapid Results College. Alitumiwa vijitabu vya masomo, akaandika majibu usiku kwa taa ya chemli, akayatia kwenye bahasha na kungoja wiki nyingi yarudi yakiwa na kalamu nyekundu ya mwalimu asiyemjua kwa sura.

Kwa hiyo mtu akituambia leo kwamba kusoma kwa mtandao ni jambo jipya, tunamsikiliza kwa heshima, kisha tunamwomba akae kidogo. Kilicho kipya ni waya. Kusoma mbali na mwalimu ni jambo la zamani kuliko bendera yetu, na katika adhimisho hili la Desemba 9 tumeona tulieleze, maana karibu kila familia katika jumuiya yetu inamlipia mtu ada nyumbani, na siku hizi ada nyingi ni za kozi za mtandaoni: kompyuta, uhandisi, maabara, takwimu. Swali linalotusumbua tunapotuma fedha hizo ni moja: huyu kijana akimaliza, atapata kazi?

Turudi kwa karani wetu. Alisoma nini? Utunzaji wa vitabu vya hesabu, Kiingereza, sheria, historia, uchumi. Fizikia na kemia kwa posta zilikuwa taabu. Bahasha haibebi moto wala tindikali. Aliyetaka sayansi ilimpasa aende mahali penye vifaa, na mahali hapo palikuwa pachache mno. Mwalimu Nyerere alipenda kuukumbusha ulimwengu kwamba tulipopata uhuru tulikuwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua milango Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kilikuwa ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, chini ya uangalizi wa London, na wanafunzi wake hawakuzidi 15. Wote walikuwa wa sheria. Ilipoundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, nchi tatu ziligawana kazi: udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Kitivo cha sayansi kilifika Dar es Salaam mwaka 1965, na cha uhandisi kikangoja hadi 1973. Kabla ya hapo, mafundi sanifu wetu walitoka Dar es Salaam Technical College, chuo kilichoanza mwaka 1957 na ambacho leo ni Taasisi ya Teknolojia, DIT. Wazee waliopita pale bado wanakiita Dar Tech, nao wakikusikia unasema DIT watakusahihisha.

Vijana wetu hapa ni vigumu kuamini hili lingine: katika miaka hiyo mhitimu hakuhangaika kutafuta kazi. Mpango wa maendeleo wa 1964 uliweka lengo kwamba ifikapo 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu wake. Serikali ilihesabu: wahandisi wa maji wangapi, walimu wa fizikia wangapi, mabwana shamba wangapi. Kisha ikasomesha kwa hesabu hiyo. Mhitimu alipewa barua ya kupangiwa kazi, akapanda treni kwenda Mwanza au basi kwenda Songea, na huko alikuta meza inamsubiri. Kulikuwa na manung'uniko, hasa kwa aliyepangiwa mbali na kwao, lakini hakuna aliyejiuliza kama elimu yake inahitajika. Mwajiri alikuwepo kabla ya mwanafunzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianzisha masomo yetu wenyewe kwa njia ya posta, yasiyotegemea tena Oxford. Lakini somo kubwa la sayansi kwa mbali lililowahi kufanyika nchini halikupita katika bahasha. Lilipita redioni. Mwaka 1971, taifa lilipotimiza miaka 10, Redio Tanzania Dar es Salaam ilitumika katika kampeni ya vikundi vya kusikiliza iliyoitwa Wakati wa Furaha, ya kuwaeleza wananchi historia ya nchi yao. Miaka miwili baadaye, 1973, ikaja Mtu ni Afya.

Hapa inafaa tukae, kwa sababu vijana wengi wanaosoma habari za elimu ya mbali katika vyuo vya huku hawajawahi kuisikia. Kila wiki watu wa kijiji walikusanyika chini ya mwembe au katika darasa la shule, wakaizunguka redio moja yenye betri za National. Walisikiliza kipindi. Kikiisha, kiongozi wa kikundi, ambaye mara nyingi alikuwa mwanakijiji kama wao aliyepewa mafunzo mafupi, aliwasomea kijitabu kilichoandikwa kwa herufi kubwa ili hata aliyetoka kujifunza kusoma aweze kufuatilia. Masomo yalikuwa malaria, kuhara damu, minyoo ya safura, kichocho, kifua kikuu: mbu anazaliana wapi, kichocho kinaingiaje mwilini, kwa nini maji yachemshwe. Hiyo ni biolojia, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Kisha kikundi kilijadili na kuamua: juma hili tunachimba choo, juma lijalo tunafyeka majani na kufukia madimbwi. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, na viongozi wa vikundi waliofunzwa walikuwa makumi ya maelfu. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai.

Redio haikuwa na picha. Haikuweza kuulizwa swali. Kwa vipimo vya leo ilikuwa chombo duni kuliko simu anayochezea mtoto wa miaka minne katika ukumbi wetu. Lakini sayansi ile ilishika, kwa sababu aliyesikia kipindi alitoka na jembe mkononi, na mahali pa kufanyia zoezi palikuwa uani kwake.

Mfano wa pili wa enzi hizo ni walimu wa UPE. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua watoto wote waingie shule ya msingi ifikapo 1977, badala ya kungoja hadi 1989 kama ilivyopangwa awali. Watoto walikuwepo, madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, walimu hawakuwepo. Vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa kwa wakati. Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakaanza kufundisha huku wakisoma ualimu kwa vijitabu na redio, wakitembelewa na wakufunzi, na mwisho wakaingia chuoni kwa wiki chache kabla ya mtihani. Kuanzia 1976 waliandikishwa wapatao 45,000, na karibu 38,000 walifuzu. Jina la mwalimu wa UPE limetumika kama dhihaka kwa miaka mingi, nasi hatukubaliani nalo. Ni kweli wengi walitupwa darasani wakiwa wadogo mno, na hisabati na sayansi za shule za msingi ziliumia. Lakini wengi wetu tuliojifunza kuhesabu kabla ya kufika huku tulifundishwa na hao hao. Na tukitazama upande wa ajira, sijui ni programu gani ya mtandaoni leo inayoweza kuthubutu kusema kwamba wanafunzi wake wote walikuwa na kazi tangu siku ya kwanza, na kila walichosoma usiku walikitumia asubuhi.

Tuvuke bahari kidogo, kwa kuwa chuo kilichofuata kina ndugu yake hapa tunapoishi. Open University ya Uingereza iliundwa 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza Januari 1971. Watu wengi wanakumbuka vipindi vyake vya BBC vya alfajiri. Wachache wanakumbuka masanduku. Mwanafunzi wa sayansi alipelekewa nyumbani sanduku la vifaa: kemikali, mizani, hata hadubini ndogo ya plastiki, akafanya majaribio juu ya meza ya jikoni. Majira ya joto alikwenda kukaa wiki moja kwenye chuo chenye maabara kamili. Waingereza hawakuiamini televisheni peke yake kufundisha kemia, ingawa walikuwa nayo kila nyumba. Sisi huko nyumbani hata hiyo hatukuwa nayo. Zanzibar ilipata televisheni, tena ya rangi, katika miaka ya 1970, nasi watu wa Bara tukaendelea kuwatania na kuwaonea wivu hadi 1994.

Mwaka huo huo wa 1994 ndipo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilipozinduliwa rasmi. Kamati iliyoongozwa na Nicholas Kuhanga ilikuwa imechunguza jambo hilo tangu 1988. Sheria Namba 17 ya 1992 ikakianzisha, na kazi ikaanza Machi 1993 chini ya Makamu Mkuu wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari. Hakikuwa na kampasi ya kujivunia. Kilikuwa na ofisi Kinondoni, vituo mikoani, na vitabu vya kozi ambavyo mwanafunzi alivibeba kwenda navyo kazini kwake. Waliojiandikisha walikuwa zaidi walimu, askari, wauguzi, makarani: watu wenye mshahara na watoto, waliokosa nafasi chuoni walipokuwa vijana. Shahada kwao ilikuwa ya kupandia ngazi, si ya kuombea kazi. Kwa wanafunzi wa sayansi chuo kililazimika kuazima maabara za vyuo vingine wakati wa likizo, na mwalimu wa sekondari wa Rukwa akafunga safari ndefu ili ashike chupa na mirija kwa siku chache. Wapo waliokata tamaa katikati. Wapo walioendelea kwa miaka mingi na kumaliza wakiwa na mvi, na picha zao za joho zimetundikwa sebuleni hadi leo.

Lakini wakati chuo hicho kikizaliwa, jambo jingine lilikuwa likifa kimya kimya. Baada ya mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990, serikali iliacha kumwajiri kila mhitimu. Mashirika ya umma yalibinafsishwa, viwanda vingi vikafungwa, na barua ya kupangiwa kazi ikabaki kuwa hadithi ya wazee. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu kila mara mhitimu wa leo akikosa kazi, vidole vinanyoshewa chuo chake au mtandao aliosomea. Mara nyingine ni haki. Lakini kwanza iliondoka meza iliyokuwa ikimsubiri.

Waya ulifika kwa hatua. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, ambayo baadaye, mwaka 2002, ilihamishia makao yake Nairobi. Mwanzoni mhadhara ulirushwa kwa setilaiti. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na vyuo vingine vya Afrika walikaa ukumbini mbele ya televisheni wakimtazama mhadhiri aliye ng'ambo, na mwenye swali akapiga simu. Baadaye zikaja kozi za sayansi ya kompyuta pamoja na chuo cha RMIT cha Australia. Kompyuta ndiyo sayansi iliyosafiri vizuri kuliko zote kwa njia hiyo, na sababu ni rahisi: maabara yake imo ndani ya chombo kile kile unachosomea. Anayejifunza kuandika programu anaandika programu. Anayejifunza kujenga daraja kwa kutazama skrini anaangalia daraja la mtu mwingine.

Tatizo lilikuwa bei na kasi. Hadi 2009 mtandao wa nchi yetu ulitegemea setilaiti, na anayekumbuka vibanda vya intaneti vya Kariakoo anajua jinsi picha moja ilivyoteremka mstari kwa mstari huku dakika ulizolipia zikiyeyuka. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM uliwashwa na kufika Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Tangu hapo kijana wa Mbeya mwenye simu janja na bando anaweza kusikiliza mhadhara ule ule anaousikiliza binti yetu wa Reading. Neno kubwa hapo ni bando. Binti wa Reading hajui hata limegharimu nini. Kijana wa Mbeya huzima video ili abaki na sauti tu, na kwa namna hiyo amerudi kwenye redio ya 1973, ila bila kikundi na bila mwembe.

Machi 2020 tuliona mambo haya yote kwa pamoja. Shule zilifungwa Machi 17 na vyuo vikafuata siku iliyofuata. Masomo ya shule yakatangazwa kwenye redio na televisheni, baadhi ya vyuo vikahamia mtandaoni, na Juni 1 vyuo vikafunguliwa. Kwa wanafunzi wa nadharia zile wiki zilipita kwa shida lakini zilipita. Kwa wanafunzi wa maabara na karakana zilikuwa wiki zilizosimama. Miaka miwili baadaye vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu, jambo ambalo sisi tunaliona ni mojawapo ya maamuzi ya busara ya miaka hii, hata kama mwalimu wa kijijini bado anakihesabia chaji.

Sasa turudi kwenye fedha tunazotuma. Kijana mwenye shahada anayeendesha bodaboda amekuwa kichekesho cha mitandaoni. Sisi hatucheki, kwa sababu wengine ni watoto wa dada zetu. Tumeona wanaofanikiwa na tumeona wanaokwama, na si wote wanaokwama ni wavivu kama wajomba wanavyopenda kusema kwenye simu. Mpwa wa familia moja katika jumuiya yetu alilipiwa stashahada ya mtandaoni ya uhandisi kutoka chuo cha nje ambacho hatutakitaja. Alipata cheti kizuri chenye lakiri ya dhahabu. Hakuwahi kushika kifaa hata kimoja, na cheti chake hakikutambuliwa nyumbani. Familia nyingine ilimlipia binti wao kozi fupi za uchambuzi wa takwimu huku akijitolea katika ofisi ya halmashauri yao, akisafisha takwimu za zahanati jioni kwa kile alichojifunza asubuhi. Ofisi ilipopata nafasi, aliyejulikana alikuwa yeye.

Ndiyo maana tunawaomba ndugu zetu wasiulize kwanza kama chuo ni cha mtandaoni au cha majengo. Waulize chuo kimetambuliwa na nani: shahada za nje hutathminiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na vyeti vya ufundi viko chini ya NACTVET, na ofisi hizo hujibu maswali kabla ada haijalipwa kuliko baada. Waulize mazoezi ya vitendo yatafanyikia wapi, katika karakana ya nani, kwa wiki ngapi. Chuo kikijibu kwamba kila kitu kipo kwenye video, basi kwa somo la kompyuta huenda inatosha. Kwa umeme, kemia au ujenzi, haitoshi. Wanafunzi wa uhandisi wa Dar es Salaam hupelekwa fildi viwandani na kwenye miradi wakati wa likizo, na tangu 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi imekuwa na mpango wa SEAP, ambapo mhandisi mhitimu hufanya kazi kwa miaka 3 chini ya mhandisi mzoefu kabla ya kusajiliwa. Huo ndio mwembe wa siku hizi. Kama mpwa wako amemaliza na yuko nyumbani, muulize kuhusu SEAP kabla hujamlipia shahada ya pili.

Na sisi wenyewe tuna kitu zaidi ya fedha. Kati yetu wamo mafundi wa reli, wauguzi, wataalamu wa usalama wa mitandao, mhandisi wa majitaka, mafundi wa mashine za hospitali. Tayari watatu wanakutana kwa video kila Jumamosi na wahitimu wa nyumbani, wakiwapitishia kazi zao halisi: mchoro wenye kasoro, programu iliyogoma, barua ya maombi isiyosomeka. Hawatoi cheti. Mmoja wa wahitimu hao ameshaandikiwa barua ya utambulisho na mtu aliyeiona kazi yake kwa macho, na barua kama hiyo humfika mwajiri kwa njia ambayo fomu elfu moja haziwezi.

Nafasi za kuongeza wafundishaji zipo, hasa umeme na maabara za tiba. Fomu itakuwa mlangoni siku ya sherehe. Na kwenye meza iliyo pembeni ya ukumbi tutaweka vitu vya zamani: ndugu mmoja ameahidi vijitabu viwili vya Mtu ni Afya, mama mmoja ana barua zake za masomo kwa posta za mwaka 1978 zikiwa na kalamu nyekundu. Mwenye daftari la UPE, kadi ya Chuo Kikuu Huria, au hata picha ya kikundi kimeizunguka redio, alete. Vitarudishwa jioni hiyo hiyo, na watoto wataruhusiwa kuvishika.